Barua ya mufanyakazi isikatwe katikati



Leo hatutasema juu ya mushahara wala juu ya primu. Tutasema juu ya kitu kimoja kidogo, chenye wengi wanazani hakituhusu: kisanduku cha kuandikia. Ni kile kisanduku cheupe chenye kutokea ku telefone ao ku ordinatere wakati kompani inakuambia: «Andika lalamiko lako hapa, kisha finya Tuma.» Zamani tulikuwa tunapeleka karatasi ku biro, wanapiga tampo, tunarudi na kopi yetu mu mufuko. Sasa kompani zingine zinasema karatasi imekwisha, kila kitu kinapita ku intaneti. Hatukatai maendeleo. Lakini tuliona kwa macho yetu kama kesi ya mutu inaweza kupotelea ndani ya kile kisanduku, na sisi wa sendika tulikuwa hatuangalie kule.

Sikieni habari yenyewe. Mwenzetu mumoja, fundi wa mashini nzito, alikuwa anatumika ku karo moja ya upande wa Kolwezi. Jina la kompani tunaliacha, kwa sababu dosye haijafungwa. Muke wake na watoto wako hapa Kamina, yeye anarudi wakati wa konje. Aliona freni ya kamyo moja haikamate muzuri. Akaambia shefu wake mara ya kwanza, akamuambia mara ya pili. Shefu akajibu: «Andika ku saiti.» Ile usiku akakaa na telefone yake, akaandika yote: tarehe, saa, namba ya kamyo, nani alikuwa pale. Akafinya Tuma. Ukurasa ukamuambia «Merci», basi. Majuma mawili kisha, ile kamyo ikateremuka yenyewe, ikamuvunja muguu.

Wakati tulifika mbele ya inspekteri wa kazi, kompani ikasema hakuna mutu aliyetoa habari kamili juu ya freni. Wakatoa karatasi yenye ilitoka ku mashini yao. Jina lake, lenye kuwa na herufi é, lilikuwa limeharibika: mahali pa é kulikuwa Ã©. Tarehe zote zilishikamana kama samaki ndani ya kikapo, bila mustari mupya hata mumoja. Na mwisho, maneno yalikatika hivi: «Mara ya pili nilimuambia shefu kama freni ya hii kamyo ina». Hakuna ingine.

Inspekteri akauliza: «Ina nini?»

Mutu wa kompani akajibu: «Njo vile alituma.»

Mwenzetu akatuangalia, akasema kwa sauti ya chini: «Ba yaya, mi niliandika yote.» Tulimuamini. Lakini hatukuwa na kopi, yeye pia hakuwa nayo. Tukaanza kutafuta washahidi, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kupelekwa fasi ingine. Mpaka leo anatembea na fimbo.

Kisha ile siku tulienda kwa kijana mumoja wa hapa Kamina, mutoto wa mwenzetu wa reli, mwenye kusoma enformatike. Tukamuuliza: je, kuko mutu alikata ile barua kwa makusudi? Akatujibu kama pengine hakuna. Mwenye kutengeneza kisanduku anaamua mbele kitabeba herufi ngapi. Mwingine anaweka 255, mwingine 500, na nafasi kati ya maneno inahesabiwa pia. Herufi 500 ni kama maneno 70 hivi ya Kiswahili, hayatoshe hata kusalimia na kueleza ajali. Yenye kupita pale, ghala zingine za data zinayatupa bila kusema neno. Na kama ghala haikupangwa muzuri kwa kupokea herufi zenye alama, njo é inageuka Ã©. Basi hakukuwa na mwizi. Kulikuwa mutu mumoja mu biro ya mbali, hajawahi kuona karo, alifikiri lalamiko ya mufanyakazi haiwezi kupita mistari sita.

Hapo njo tunaanza kusema maoni yetu. Sisi tunaona kama ukubwa wa kisanduku ni ukubwa wa nafasi yenye kompani inakupatia ya kusema. Kukupunguzia nafasi ya kuandika ni kukupunguzia haki, hata kama hakuna mutu alikusudia.

Wazee wetu walijua kazi ya maandishi. Wakati wa mugomo mukubwa wa Union Minière mu Desemba 1941, mwenye kusimama mbele kwa kusemea wafanyakazi kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Aliuawa tarehe 9 Desemba 1941, wakati askari walipiga bunduki mu uwanja wa mupira. Mu mwaka 1965, André Yav aliandika historia ya ile muji, vile watu waliotumika mu nyumba za wazungu waliijua, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, si kile cha Unguja. Iliandikwa ku mashini ya kupiga herufi, bila nukta nyingi, lakini yote ilikuwamo. Mu 1990 mwalimu Johannes Fabian aliitoa tena mu kitabu, na leo watu wa inchi za mbali wanaisoma. Karatasi haikumuambia André Yav kama maneno yake imepita mpaka.

Sasa, kuko dawa gani? Kijana wetu alituonyesha kitu chenye wanaita editere. Ni kisanduku cha kuandikia chenye unaweza kupanga maandishi ndani yake: unatenganisha mafungu, unapanga tarehe kwa namba 1, 2, 3, unaweka neno moja kuwa zito ili lionekane. Si kitu kipya. Tangu mwaka 2000, Internet Explorer 5.5 ya Microsoft iliweza kuachilia mutu aandike na kupanga maneno ndani ya ukurasa wenyewe. Mu 2003 Frederico Caldeira Knabben akatoa FCKeditor, yenye leo inaitwa CKEditor. Mu 2004 ikakuja TinyMCE. Kisha zikafuata zingine kama Quill. Mwenye kutengeneza programu hahitaji kuanza ku zero. Anakamata faili ya editere, anaiweka ku seva yake, anaandika mistari kidogo ya kuiambia: kaa mahali pa kile kisanduku cha zamani. Quill, kwa mufano, inatolewa bure na inaachilia kila mutu aitumie. Zingine ziko na masharti ao zinaomba kulipa, kwa hiyo lazima kusoma leseni mbele ya kuzichukua. Lakini kompani yenye kununua makamyo ya tani mia haiwezi kutuambia kama editere ni bei kali.

Mafundi wengine wanatujibu: «Mambo ya herufi nzito na rangi ni ya mapambo. Mufanyakazi anaomba kisanduku cha kawaida tu.» Tulifikiri sana juu ya hili, na tunakubali nusu. Wakati kijana wetu alianza kutengeneza ukurasa wa sendika, kwa kupokea malalamiko ya wanachama, mara ya kwanza aliweka editere yenye vidude zaidi ya makumi mbili: rangi, ukubwa wa herufi, vichwa, meza, video. Tukaipatia mzee mumoja aliyetumika miaka mingi ku makaa ya Luena. Akafinya kimoja, maneno yake yote ikageuka nyekundu, akaturudishia telefone: «Watoto wangu, nileteeni kalamu.» Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Tukatoa karibu vyote. Vikabakia vitano: neno zito, orodha ya namba, orodha ya nukta, kurudisha nyuma chenye umeharibu, na kuongeza foto. Rangi hatuna haja nayo.

Lakini nusu ingine hatukubali. Wakati unaandika juu ya saa za ziada za miezi mitatu, orodha si mapambo. Inspekteri iko na dosye nyingi juu ya meza. Kama tarehe zimepangwa moja chini ya ingine, anaona kwa dakika mbili. Kama zimeshikamana kama zile za mwenzetu, hasomi, na kompani inajua kama hasomi. Mama mujane mwenye kuandika juu ya feza ya marehemu iko na haki ya kutenganisha jambo la mushahara wa mwisho na jambo la gharama za maziko. Mwanasheria wa kompani anaandika barua zake na vichwa, namba na mafungu. Kwa nini sisi tuandike yetu kama mutu mwenye kukimbia?

Kuko mambo ine yenye tulijifunza tukiwa tunapima ile ukurasa, na tunapenda delege wa kila mugodi ayajue, kwa sababu njo pale utadanganywa.

Ya kwanza ni moto na rezo. Unaandika nusu saa, moto unazimika, mega zinakwisha, unarudi, kisanduku ni cheupe. Editere yenye kupangwa muzuri inachunga maandishi yako ndani ya telefone yenyewe kila mara, na wakati unarudi inakurudishia. Hii haina uchawi, ni mistari kidogo ya programu. Lakini kuko hatari pia: kama telefone ni ya kuazima, ao uko ku siberi, mwenye kukuja nyuma yako anaweza kusoma yenye ulianza juu ya shefu wako. Kwa hiyo inaomba kuwe na kidude cha kufuta, tena kiandikwe wazi: «Futa maandishi yangu ku hii mashini.»

Ya pili ni uzito. Kila kitu chenye ukurasa unaleta, ni wewe unakilipa na mega zako. Editere zingine ni nzito. Na foto: ukiipachika ndani ya maandishi yenyewe, editere zingine zinaigeuza kuwa herufi maelfu na maelfu, barua ya mistari kumi inakuwa nzito kama video, haipite ku rezo ya kijiji. Afazali foto ya karatasi ya mushahara ipunguzwe, itumwe pembeni, na barua iende yenyewe.

Ya tatu ni usafi. Kisanduku chenye kupokea maandishi yenye kupangwa kinaweza kupokea pia programu ndogo ya kujificha, yenye mutu mubaya anaweka ndani ya lalamiko. Wakati katibu wa sendika ao inspekteri anafungua, ile programu inaanza kutumika ku mashini yake, inaweza kuiba majina ya wote waliolalamika. Mutajua wenyewe maana yake ni nini, orodha ya waliolalamika kuanguka mu mikono ya mutu. Ulinzi si kuangalia maandishi ku telefone ya mwandishi tu, kwa sababu pale mutu mubaya anaweza kuepuka. Seva yenyewe lazima isafishe, iachilie mafungu, orodha na maneno mazito kupita, ikatae yote ingine. Fundi mwenye kukuambia «hakuna shida» bila kukuonyesha vile anasafisha, usimupatie kazi.

Ya ine ni luga, na hii inatuuma zaidi. Tulipoandika Kiswahili ndani ya kisanduku, programu yenye kuzani tunaandika Kifaransa ilipiga mustari mwekundu chini ya kila neno. Kila neno! Mwenzetu mumoja aliacha kuandika, akasema: «Naona nakosa yote.» Hakukosa hata moja. Mashini njo haikujua luga yake. Konstitusio ya 18 Februari 2006, mu artikle ya kwanza, inasema kama Kifaransa ni luga ya kazi ya Serkali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai, yaani Tshiluba, ni luga za taifa. Ile mistari myekundu inazimwa na neno moja tu mu programu. Kijana wetu aliizima kwa dakika moja. Kompani yenye kuiacha inawaka mbele ya mutu mwenye kuandika Kiswahili, inamuambia kimya-kimya kama luga ya mama yake ni kosa.

Sasa sheria. Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inajua delege wa sendika. Kodi ya dijitali, ya 13 Machi 2023, inakubali maandishi ya ku mashini kuwa ushahidi sawa na karatasi, kama mwenye kuandika anajulikana, na kama maandishi yamechungwa bila kubadilishwa. Muone vile hii inageuza kesi ya mwenzetu. Barua yenye kukatwa katikati haijachungwa kamili. Kompani yenye kuchagua kisanduku njo inapashwa kujibu juu ya kisanduku. Haiwezi kukataa karatasi yako, ikulazimishe kupita ku mashini yake, kisha ikuambie mashini yake si ushahidi wa kutosha.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba iingie mu konvansio kolektive, ku artikle moja na viatu na kofia za usalama:

Kila kisanduku cha lalamiko kibebe barua muzima, si mistari sita. Kama kuko mpaka, ionekane mbele mutu hajaanza, na mashini ikatae kwa sauti kubwa kuliko kukata kimya.

Kiwe na editere nyepesi, yenye kuachilia mafungu na orodha, na yenye kuchunga maandishi wakati moto unazimika.

Kila mwenye kutuma apokee kopi kamili, na tarehe, saa na namba, ku telefone yake. Ile kopi njo tampo yetu ya leo.

Kiswahili kiandikwe bila mustari mwekundu, na vidude viitwe kwa Kiswahili pia.

Delege wa sendika apime kile kisanduku mbele hakijafunguliwa kwa wote, vile tunapima ngazi mbele ya kushuka mu shimo.

Na karatasi ibakie. Kuko wazee wasioandika ku telefone, kuko familia zenye hazina telefone, kuko wachimbaji wa mikono kule Malemba-Nkulu wenye rezo haiwafikie. Biro isifunge mulango juu intaneti imefunguliwa.

Tunajua kama wakubwa wengine watasema sendika imeacha mambo makubwa, sasa inashindania vidude vya telefone. Tunawajibu kwa heshima: mambo makubwa yote, mushahara, ajali, kufukuzwa, feza ya mujane, siku hizi inapita ku ule mulango mudogo. Mwenye kushika mulango anashika nyumba.

Mpaka konvansio itabadilika, fanyeni hivi. Usiandike moja kwa moja mu kisanduku cha kompani. Andika kwanza mu telefone yako ao ku karatasi, kisha uhamishe maneno mule. Mbele ya kufinya Tuma, piga foto ya kila sehemu ya ukurasa. Kisha kutuma, piga foto ya jibu. Tuma zile foto kwa muke wako, kwa mutoto wako ao kwa delege, ili zisibakie ku telefone moja tu yenye inaweza kuanguka mu maji. Mama wenye kujua kuandika, saidieni bwana zenu wasioandika haraka, na musomee pamoja kwa sauti mbele ya kutuma.

Mwenzetu wa muguu, juma lililopita, aliketi na sisi ku biro na kuandika upya barua yake, sasa ku ukurasa wa sendika. Ilichukua saa moja na nusu, moto ukazimika mara moja, na barua ikarudi vile ilikuwa. Tarehe ziko chini ya namba, 1 mpaka 5. Jina lake limeandikwa vile mama yake alimupatia. Na ku fungu la pili, tulisoma yote pamoja: freni ya hii kamyo ina shida tangu Jumatatu, na nilisema.